Afande Mbele ya Mlango wa Bibi Harusi

Mtaani kwetu Kilindoni tunamwita Afande, maana alikuwa ofisa katika vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kanzu yake huipiga pasi mpaka mikunjo isimame, na kila alasiri hutuambia sisi vijana, akiinua kidole kilichobaki nusu kwa risasi: “Sijawahi kusalimu amri!” Nami damu hunichemka. Juzi aliongoza msafara wa mjukuu wake kwenda kwa bibi harusi. Mashangazi wakafunga mlango.

“Hapiti mtu mpaka Afande acheze!”

“Mimi nimevunja ngome za Mreno!”

“Mreno hakuwa na mashangazi!”

Bwana harusi akamtazama kwa macho ya kuomba, jasho likimtoka. Afande akavua viatu, akainua mikono juu, akacheza kushoto kulia kama gwaride lililonogewa na dufu. Mlango ukafunguliwa kwa vigelegele, msafara ukaingia. Yeye hakuona, alikuwa bado anacheza.