Kifaranga Ametoka Bila Kuaga

Mhubiri na mkewe muuguzi walirudi kwao baada ya miaka mingi ya kueneza Injili ng'ambo. Binti yao wa pekee, waliyemwita Kifaranga, alizaliwa hukohuko, na lugha ya kwao aliisikia tu wazazi wakigombana.

Asubuhi ya pili mama alikuta kitanda kitupu na mlango wa nyuma wazi. Alitoka mbio miguu mitupu, lakini kwenye njia panda akasimama asijue ashike ipi. Mtaa aliokulia ulikuwa umejaa maghorofa, na kila uchochoro ulifanana na mwenzake.

"Umemwona mtoto wa kike, gauni la njano?" alimuuliza fundi viatu.

"Sijamwona, dada. Kwani wewe mgeni hapa?"

"Nimezaliwa hapa," alijibu, sauti ikimtetemeka kama ya mwongo.

Mwishowe alimkuta Kifaranga nyuma ya kituo cha mafuta, kwa mshonaji mmoja mama mtu mzima, amejibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mshonaji alikuwa amekaa sakafuni, mlangoni.

"Kila nikimsogelea analia, mwanangu. Nikaona bora nizibe njia tu, asikimbilie barabarani."

Muuguzi alitambaa hadi chini ya meza, akamkumbatia. "Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nyumbani," Kifaranga alisema kwa lugha ya ng'ambo.

Mama hakumrekebisha. Alimtoa chini ya meza, akamwomba mshonaji awaonyeshe njia ya kurudi.