Kichupa cha Tatu Kilipong'aa

Mimi ni mtu wa kushuku, na kazi ya kemia inaniruhusu. Katika maabara yetu hapa Mwanza nilikuwa nabuni molekuli ya kushika DNA pale tu inapojikunja. DNA kwa kawaida ni kama ngazi iliyosokotwa, lakini mahali fulani uzi wake mmoja hujikunja ukawa fundo la pembe nne, na mafundo hayo yana kazi yake katika seli za saratani. Molekuli yangu ilikuwa bapa. Nilitaka ikae juu ya fundo kama mfuniko juu ya sufuria, ing'ae, na ngazi isiiguse kabisa.

Fundo hilo hushikiliwa na potasiamu. Kwa hiyo kila jaribio lilikuwa na vichupa vitatu: cha ngazi, cha fundo, na cha tatu chenye uzi uleule katika maji yasiyo na potasiamu, ambamo ulipaswa kubaki umenyooka. Hicho cha tatu kilitakiwa kisiwake. Wiki nzima kiling'aa.

Nikamgeukia mwenzangu, mtu wa Sengerema, aliyekuwa akichanganya maji hayo. Tangu mwanzo alinitania kwamba molekuli yangu haina aibu, itamkumbatia yeyote. Sasa anapenyeza potasiamu ili maneno yake yatimie, nikajiambia. Nikaanza kutia alama kwenye vizibo. Nikawa najua ametoka mara ngapi na amerudi na nini. Hata alipocheka na simu yake, niliona nachekwa mimi. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, nikamwandikia mkuu wa idara kwamba simwamini, asiongezewe.

Kesho yake niliwahi kazini. Mama anayetuoshea vyombo alikuwa kwenye sinki, anasugua bika, gilasi ya kuchanganyia maji yetu, kwa unga wa kijivu kutoka kwenye kopo la maziwa.

"Shikamoo mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Majivu ya jikoni kwangu, Kirumba. Si ulisema sabuni inabaki kwenye vyombo? Sufuria zangu nazisugua hivihivi, zinang'aa."

Majivu ya kuni yamejaa potasiamu. Sabuni niliilalamikia mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu nikaiondoa barua, na mkataba ukaongezwa. Vyombo vikaoshwa upya, kichupa cha tatu hakikuwaka tena. Molekuli ilikuwa inajua kuchagua kuliko mimi. Nilimweleza mwenzangu kila kitu, pamoja na barua, nikamwomba radhi kwa aibu kubwa.

"Yameisha, kaka," alisema.

Lakini tangu siku hiyo hachanganyi maji peke yake. Huniita, husubiri nisimame karibu, hunionyesha kila chupa kabla ya kuifungua, kisha hunipa daftari na kalamu. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna haja.

"Saini tu, kaka," hunijibu kwa upole.