Unga Mweupe wa Chini ya Sufuria

Mimi bado sijapoa, kwa hivyo nikipandisha sauti mnivumilie. Dada yangu Waithira, mkulima wa viazi hapa Chaka, hajawahi kutupa kitu chochote kinachoweza kufaa. Maganda ni ya ng'ombe, majivu ni ya choo, gunia likitoboka linakuwa la kupangusia miguu. Nikimcheka ananiuliza, "Na chumvi ikikuishia, Shiro, unakimbilia kwa nani?"

Maji yetu hutoka kisima cha kuchimbwa na mashine, yanakaa kwenye tenki la plastiki, na yana chokaa vibaya sana. Ukiyachemsha, unga mweupe unaganda chini ya sufuria. Dada huyaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa cha pamba, halafu anakwangua ule unga na kuuhifadhi kwa mkebe. Anautumia kama magadi ya kulainisha maharagwe. Nimemwambia mara ngapi hayaivi haraka! "Yanaiva," anasema, huku kuni zinaisha.

Mwanawe Gikonyo na mkewe Karimi wanafanya kazi Nyeri mjini. Binti yao wa mwaka mmoja na nusu alikuwa akikaa na dada Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwetu, binti wa kwanza wa mwanao anachukua jina lako, kwa hivyo huyo mdogo pia ni Waithira. Dada alimpenda mpaka nikaona wivu, mimi mtu mzima.

Basi Karimi akasikia ati mabomba na matenki yanamwaga vipande vidogo vya plastiki ndani ya maji, vidogo hata jicho halivioni. Akasema kwa heshima, lakini akasema: "Mum, kama maji yako iko na hiyo plastiki, mtoto ataenda Meru kwa mama yangu." Dada alishindwa kula siku hiyo. Jesse, kaka yake Karimi anayesoma chuo kikuu, akabeba chupa mbili kwenda kupimwa: moja ya tenki, moja ya maji ya kunywa ya dada.

Jumamosi iliyopita Jesse akarudi na majibu, pamoja na Karimi.

"Ya tenki imejaa plastiki," Jesse akasema. "Lakini yenye umechemsha na kuchuja, karibu hakuna. Hata sisi tulishangaa."

Ngai! Dada alipiga makofi, akamsifu Bwana, Karimi akamkumbatia. Mimi nikamrukia Karimi: "Ati Meru! Meru ya nini? Si umesikia?"

Karimi akacheka. "Nimesikia, auntie. Lakini Jesse, hiyo plastiki ilienda wapi?"

"Chokaa ndio inaishika. Maji ikichemka, zinaganda pamoja. Yote iko kwa ile unga nyeupe ya chini. Hiyo mnamwaga tu."

Nikasema haraka, "Inamwagwa! Kila siku inamwagwa!" Ndiyo, nilidanganya, na ningedanganya tena.

"Shiro, nyamaza." Dada akakaa chini. "Mimi huweka kwa maharagwe ya mtoto."

"Tangu lini, mum?" Karimi akauliza.

"Tangu aanze kula."

Jesse akajikakamua, akasema hakuna anayejua kwa hakika itamfanya nini mtoto, pengine haitamfanya kitu. Karimi akaanza kulia. Hakumtukana dada hata neno moja. Heri angemtukana, ningepata wa kugombana naye! Sasa nitagombana na nani? Mwanamke alisafisha maji kuliko Chaka nzima, halafu ule uchafu wote akailisha damu yake kwa kijiko, kwa upendo.

Dada aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi, nguo za mtoto zimekunjwa ndani vizuri. Akaiweka miguuni pa Karimi.

"Mpeleke kwa mama yako," akasema. "Na umwambie ile nyeupe amwage."