Raketi Darini kwa Bibi

Juzi Jumapili nilikuwa Misugusugu kwa mdogo wangu, nimeshiba pilau na kujinyoosha kwenye kochi. Televisheni ilikuwa inaonyesha tenisi na hakuna aliyekuwa anaitazama. Mara uzi wa raketi ya mchezaji mmoja wa kike ukakatika: tap. Yeye hata hakushtuka. Akaenda pembeni kuchukua raketi nyingine. Mimi nikaketi wima. Nina miaka hamsini na kitu, rafiki yangu, nina wajukuu, lakini mlio ule ulinirudisha kuwa mtoto wa miaka kumi anayengoja kuchapwa. Kaa nikueleze.

Baba yangu alikuwa mtunza viwanja pale Kibaha, kwenye chuo kimoja walikokaa wataalamu wa kigeni. Alifyeka majani na kuchora mistari ya chokaa. Tuliishi nyumba za wafanyakazi, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja cha tenisi cha saruji ambacho mama zetu walikipenda sana kwa kuanikia makopa. Msimu wa mihogo kiwanja chote kilikuwa cheupe, na ule uchachu wa mihogo inayokauka ulitufuata mpaka darasani.

Ndipo akaja Mama Mjapani. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji. Yeye mwenyewe, tuliambiwa, alikuwa amestaafu. Hilo lilitushinda kulielewa, maana mstaafu tuliyemjua sisi alikuwa na mvi na mkongojo, na huyu hakufika hata miaka thelathini na tano. Amestaafu nini? "Tenisi," baba alisema. "Ilikuwa ndiyo kazi yake, kama mimi hii ya kufyeka." Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Hakuyafukuza makopa yetu. Alingoja jioni yaanuliwe, akafagia unga kwa ufagio wa chelewa, akacheza peke yake kwenye ukuta wa stoo. Mimi nilimwokotea mipira, naye akanihadithia maisha yake kidogo kidogo kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alianza akiwa na umri wangu, akipiga mpira kwenye ukuta wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba yake. Baadaye akapanda ndege kwenda kucheza Ulaya kwenye viwanja vya majani, peke yake, hajui lugha ya mtu. Alishinda, akashindwa, na zaidi alishindwa, alisema bila haya. Mara moja alimtoa mchezaji mkubwa, na gazeti la kwao likaweka picha yake. Mwishowe bega likaharibika, akaacha. Raketi ya mchezo wake wa mwisho alikuwa nayo bado, ya mbao, imebanwa kwenye fremu yenye skrubu nne isije ikapinda. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa ng'ombe. Hiyo hakuichezea tena kabisa.

Mwaka ule mama yake aliugua huko kwao, ikabidi waondoke yeye na mumewe. Aliniita, akanikabidhi raketi kwa mikono miwili. "Tunza," aliniambia. "Maji hapana. Jua hapana. Wewe tu." Sikuwahi kuaminiwa kiasi kile, na tangu siku hiyo sikula nikashiba.

Hazikupita wiki tatu, msako ukaanza. Redio ilikuwa inasema habari za wahujumu uchumi na vitu vya magendo kutwa nzima. Sisi tuliokuwa tunafulia majani ya mpapai na kula ugali wa yanga, ule unga wa njano, sijui tungehujumu nini, lakini kila mtu aliogopa. Jirani yetu muuguzi alitumbukiza vitenge viwili chooni kwa sababu hakuwa na risiti. Na sisi tulikuwa na kitu cha Kijapani chini ya kitanda, mwenyewe hayupo.

"Wakiuliza risiti, utawaonyesha nini?" mama alimuuliza baba.

Asubuhi yake baba aliiviringisha raketi ndani ya mkeka, akaufunga kwenye keria ya baiskeli, akanipakia mbele, tukaanza safari ya Kisarawe kwa Bibi, mama yake mzazi. Tulipofika Kiluvya tulikuta mgambo barabarani. Mmoja akaubonyeza mkeka.

"Nini hiki, mzee?"

"Mkeka wa mama."

"Mbona mgumu?"

Nikajikojolea pale pale juu ya baiskeli, mkojo ukatiririka mpaka kwenye kiatu cha mgambo. Akaruka pembeni. "Haya, nendeni, mpeleke mtoto akanawe," akasema, huku wenzake wanamcheka. Baba alipiga pedali mwendo mrefu, nami nilisikia moyo wake ukigonga mgongoni kwangu.

Bibi alikuwa haogopi serikali wala nyuki. Aliigeuzageuza raketi, akauliza nyuzi ni za nini. Nikamwambia.

"Utumbo? Panya watautafuna huu, mke mwenzangu."

Kwa Bibi kitu cha thamani kilikuwa na mahali pamoja tu: darini jikoni, juu ya mafiga, kule mahindi ya mbegu yalikoning'inia yakipata moshi ili dumuzi wasiyaguse. Fremu ya skrubu ilimzuia kuipenyeza, akaifungua na kuitupa pembeni. Baba naye aliona ni maficho mazuri, maana nani angepekua mbegu za bibi kizee? Akarudi zake Kibaha. Mimi nikabaki, shule zilikuwa zimefungwa. Nilijituliza kwamba Mama Mjapani alikataza maji na jua. Moshi hakuutaja.

Siku ya nne, nikisonga ugali, nikasikia juu yangu: tap. Nikadhani panya. Kesho yake mchana, tena. Nikapanda juu ya kinu kuchungulia. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kujikunja.

"Bibi, tuishushe, tafadhali."

"Ishushe. Wakija, utawajibu wewe."

Ikabaki palepale. Kazi ya kukoka moto ilikuwa yangu, kwa hiyo kila mlo nilijua ni mimi ninayeiharibu. Nilipika kisamvu kwa kuni mbili tu, kikachukua nusu siku kuiva, na Bibi akanigombeza kwa uvivu. Mlio haukukoma. Nilifika mahali nikawa nakikwepa kiberiti.

Msako ulipopoa, baba alikuja kunichukua na habari kwamba Mama Mjapani amerudi. Tukaishusha raketi. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, imepinda, nyuzi zimebaki tatu. Baba aliketi chini kwenye vumbi. "Kazi basi," akasema.

Tulimkuta kiwanjani, anawasaidia mama zetu kugeuza makopa. Nilisema shikamoo, nikampa raketi kwa mikono miwili. Akainusa, akaigusa pale ilipopinda. Nikalia na kumweleza yote, mgambo, mkojo, moto niliokoka mwenyewe. Sijui alielewa nusu.

"Wewe, siku zote, uliogopa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi pia. Miaka kumi na mbili." Akagusa bega lake. "Bega haliumi. Bega zima."

Alisema kabla ya kila mchezo alitapika. Mkono ulitetemeka, akawa anadundisha mpira mara nyingi ili watazamaji wasione, nao walidhani anajipanga. Daktari ndiye aliyemwandikia kwamba bega limeharibika, kwa kumhurumia. Kisha Mama Mjapani akarusha mpira juu, akaupiga kwa raketi ile, ukapita katikati ya raketi na kumwangukia kichwani. Akacheka mpaka akachuchumaa kwenye makopa. Kazi ya baba haikuguswa. Mwaka uliofuata waliondoka moja kwa moja, na ile raketi akaniachia.

Miaka yote hiyo niliamini alinidanganya ili ninyamaze. Wakubwa hufanya hivyo wakiona mtoto analia. Bibi alishafariki, na siku hizi mbegu tunanunua dukani zimepakwa dawa ya rangi. Kiwanja kimeota nyasi katika kila ufa. Raketi yenyewe mchwa waliimaliza nilipokuwa najenga Mbwawa.

Basi juzi, yule mchezaji alirudi na raketi mpya, akaanza kudundisha mpira. Kamera ikausogelea mkono wake. Mtangazaji akasema anajipanga. Mimi nilikiona kidole gumba kikitetemeka.

"Bega lilikuwa zima," nikasema.

"Bega la nani, dada?" mdogo wangu akaniuliza.

Machozi yalikuwa yananitoka, nikamwonyesha ule mkono kwenye televisheni.