Vipuri Nilivyovihesabu Mara Mbili

Fundi wetu wa simu ya upepo, ile isiyopita wayani, pale Kilindoni alifanya kazi miguu mitupu. Kabla ya kuanza alimwaga nusu ndoo ya maji sakafuni, akayatandaza kwa ufagio, kisha akakaa kwenye kigoda na kujifunga waya wa shaba mkono wa kushoto. Waya ule ulipita dirishani ukashuka mpaka kwenye bomba la chuma alilolichimbia nyuma ya karakana, pale udongo ulipokuwa haukauki kwa sababu ya maji ya kuogea. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kwa miaka miwili nilimwona hivyo kila siku, na kwa miaka miwili niliamini kuwa ile ni hirizi.

Sikuwa peke yangu. Akina mama wauza samaki waliopita nyuma walimuuliza kama mzimu wake umekula leo, naye aliwajibu bila kuinua kichwa kwamba umekula, ila haujashiba, waache changu wawili hapo dirishani. Hakuna aliyemlaumu. Kwetu mtu anayeshughulika na kitu kinachosema bila mdomo, akijikinga kidogo ni haki yake.

Simu zenyewe zilikuwa za zahanati. Mgonjwa akizidiwa Bweni, au mzazi akishindwa kujifungua kisiwani Bwejuu, mganga alisema na Kilindoni, na chombo kikatafutwa. Simu ikinyamaza, alitafutwa mtu wa kutumwa, na mgonjwa akaambiwa avumilie. Kwa hiyo fundi alikuwa mtu mkubwa kuliko mshahara wake.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, zililetwa simu mpya na boksi la vipuri vyake. Vilikuwa vidude sitini, kila kimoja kadiri ya punje ya kunde, chenye miguu minne ya waya, vimechomekwa kwenye sponji nyeusi kama miche kitaluni. Fundi akaniambia nisiviguse. Nikamuuliza kama vinauma.

"Wewe ndiye unayewauma," akasema. "Mwili wako una umeme. Ukitembea unaukusanya. Wewe huusikii, hawa wanausikia na wanakufa. Na wakifa hawanuki, hutajua."

Nikamjibu kwamba nimeuziwa bidhaa za kila namna, lakini bidhaa inayokufa kwa kusalimiwa sijapata kuiona.

"Basi usiwasalimie," akasema, akaendelea na kazi.

Ndipo alipokuja mkuu mpya wa karakana kutoka bara. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivi mapema nisije nikamtwisha mzigo wangu. Alitaka karakana ifanane na ofisi. Akaleta kiyoyozi, akakifunga katika chumba cha stoo ambacho ndicho kilikuwa ofisi yake pia, akatandika zulia la nailoni la rangi ya mchicha. Kisha akatoa amri tatu: zulia litandikwe mpaka kwenye meza ya fundi, kila mtu avae viatu, na ule uganga wa mkononi ukome, kwa kuwa nchi ya wakulima na wafanyakazi haijengwi kwa ushirikina.

Fundi alijaribu kueleza, akaeleza vibaya. Alizoea kusema na mashine. Nikaingilia mimi, maana kwetu hata chumvi hainunuliwi kwa bei ya kwanza. Nikaanza kwa kukataa yote matatu, nikashuka kidogo kidogo, nikamsifia zulia, nikamlalamikia joto. Mwisho tukapatana: zulia liishie mlangoni mwa stoo, fundi abaki na miguu yake mitupu na maji yake, lakini waya utoke. Nikatoka nikijisifu.

"Umeniokolea miguu," fundi akaniambia, "mkono umeuuza."

Baada ya wiki kadhaa ikaja amri ya kuhesabu mali yote ya stoo. Fundi alikuwa Bweni, kapanda gari la kokoto, haijulikani atarudi lini kwa barabara ile. Mkuu akataka orodha kabla ya Ijumaa. Nikavihesabu.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilivaa shati la kitambaa cha tetroni na kandambili za mpira. Nilikuwa nikienda na kurudi juu ya lile zulia, kutoka kabatini hadi mezani, hewa ya kiyoyozi kavu kama ya Dodoma. Nilikichomoa kila kipuri kwa vidole, nikakitazama, nikakiweka. Sitini. Nikavirudia tena kimoja kimoja, maana kitu kilichohesabiwa mara moja kwangu ni uvumi. Sitini. Ile sponji nyeusi niliiona uchafu, inaacha masizi vidoleni, nikaitupa. Vipuri nikavitia kwenye mifuko ya nailoni, kumi kumi, safi, vinaonekana. Kila nilipogusa mpini wa kabati uliniuma kidole, cheche ikalia. Nikamwambia mkuu kwamba chumba chake kina meno. Tukacheka wote wawili.

Fundi aliporudi alifunga kipuri cha kwanza kwenye simu ya Bwejuu, ikawa bubu. Akafunga cha pili. Cha saba ndicho kilichomfanya ainuke aje stoo. Akaitazama mifuko. Akaniuliza sponji iko wapi. Nikamwambia nilihesabu kama nilivyoamriwa. Akakaa juu ya kizingiti kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali.

Vipuri vilivyofaa havikufika kumi. Bwejuu ikakaa kimya, Bweni ikakaa kimya. Siku moja akaletwa mama mmoja kutoka kisiwani, amechelewa; yeye akapona, mtoto hakupona. Hapo neno likapatikana, na lilikuwa neno la wakati ule: hujuma. Nani anazijua simu hizi? Fundi. Nani alikatazwa uganga wake akanuna? Fundi.

Kamati ya kuchunguza ikakaa, watu sita na mwenyekiti. Fundi akasema vipuri vimeguswa nje ya sponji, vikauawa na umeme wa mwili. Mwenyekiti akamuuliza kama ana maana kwamba mtu anaweza kuua chuma kwa kukishika. Watu wakainamisha vichwa kuficha meno. Kisha nikaitwa mimi. Nikaulizwa kama vipuri vilikuwa kamili. Nikasema kamili, sitini, nimehesabu mara mbili. Nikaulizwa kama fundi alikuwa na ufunguo wa stoo. Nikasema alikuwa nao. Wakanishukuru. Sikusema uongo hata mmoja. Muuzaji hodari hasemi uongo, anangoja tu asiulizwe.

Fundi akafukuzwa kazi, akarudi kwao Kiegeani kuangua nazi za watu. Watoto wa kule wakamwita Mhujumu, na jina likamkaa.

Miezi ikapita, akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam na vipuri vingine. Alipoiona mifuko yangu alishika kiuno. Akauliza nani mwenye akili hii ya kutia vitu hivi kwenye nailoni. Nikasema tuliikuta hivyo. Huo sasa ulikuwa uongo. Akamweleza mkuu yaleyale ya fundi, neno kwa neno, kwamba nailoni hukusanya umeme, sponji ile huvikinga vipuri, na waya na maji huushusha umeme wa mwili ardhini, ila yeye alikuwa na karatasi, akaeleweka. Mkuu akanitazama. Akakumbuka, nadhani, chumba chenye meno. Naye hakusema, kwa sababu amri ilikuwa yake.

Nikaenda Kiegeani. Nilimkuta anafua nazi, mikono imechubuka. Nikamwamkia vizuri, nikampa habari za mtaalamu, nikamwekea mbele bei yangu: nitamsemea kimyakimya, arudishwe kazini, yaliyopita yapite, asitajwe mtu.

"Sitaki kazi," akasema. "Kaseme mbele ya kamati ileile ni nani aliyevishika."

Nikamwambia kazi ndiyo chakula, jina haliliwi. Nikamwambia nitakuwa nimejifunga mwenyewe, nina watoto watatu. Nikashuka: nitamwambia mwenyekiti peke yake. Nikashuka tena: nitamwandikia barua.

"Watu sita na mwenyekiti," akasema, akachukua nazi nyingine. Maishani mwangu sijakutana na mtu asiyepunguza hata senti.

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri mwezi mzima, kisha mwaka. Alikufa angali akiitwa vile, na mwanawe wa kiume anaitwa mpaka leo mtoto wa Mhujumu, hata na wasiojua neno lilitoka wapi. Sasa naandika: ni mimi niliyevishika, vyote sitini, kila kimoja mara mbili. Kamati yote imekwisha kuzikwa. Nilihudhuria maziko yao, ya wote saba.