Kivuko Nilichokifuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchumi Mkuu alinipa karatasi ya kuhesabia magari akaniketisha kando ya barabara, Kitengela. Ilikuwa na safu ya malori, ya mabasi na ya magari madogo. Ya watu wa miguu haikuwepo. Nilipomuuliza, alicheka.

"Kijana, mtu wa miguu hana haraka. Dakika zake hatuziwekei bei."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu. Barabara kuu ilipimwa kwa uwiano: faida, hasa muda ambao wenye magari wangeokoa, ikigawanywa kwa gharama ya ujenzi. Uwiano ukishuka chini ya moja, mradi umekufa.

Nilipanda cheo, nikahamishiwa Kajiado kupanga barabara kuu ya huko. Wakati huo wakubwa walikuwa wameanza kuimba usafiri jumuishi, yaani barabara, reli, mabasi na njia za miguu vipangwe kwa pamoja. Nikaamini, mjinga mimi. Nilizunguka maboma ya wafugaji nikiuliza watu wanavukia wapi. Mama Naserian, muuza maziwa, aliweka mitungi yake chini akanipeleka mpaka penyewe, bondeni, walikopita ng'ombe na watoto wa shule. Nikachora kivuko cha chini ya barabara papo hapo.

Mkurugenzi wa Mipango aliisoma ripoti yangu mbele yangu.

"Kazi safi. Lakini hii tunnel ya mbuzi inatuangushia ratio. Toa."

"Na watu, mkubwa?"

"Si wamezoea? Watavuka tu."

Ningeweza kukataa. Nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe, uwiano ukapita moja, nikatia sahihi. Maneno "usafiri jumuishi" yalibaki kwenye jalada, kwa herufi kubwa.

Barabara ilipofunguliwa, haukupita mwaka kabla Mama Naserian hajagongwa na lori pale bondeni, akienda kuuza maziwa. Nilienda mazishini na maneno yangu ya pole. Binti yake hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Mzee, si ni wewe ulikuja kutuuliza tunavukia wapi?"

"Ni mimi."

"Na mama akakuonyesha."

Nimestaafu sasa. Majuto ni mjukuu, na wangu ninaishi naye nyumba moja. Vijana wa kazi hii hunijia wakitaka mawaidha, nami hutamani kuwaambia: kabla hamjapima barabara, nendeni kwanza mkawaulize watu. Kisha nakumbuka kwamba mimi niliwauliza.