Sufuria Juu ya Kidude cha Intaneti

Nina hasira mpaka leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mkwe wangu Kabula alijifungua Dar es Salaam, na jina nilitakiwa kulitoa mimi. Nilishamwekea mtoto la marehemu mama yangu, Ngolo. Mwanangu Masanja akapiga simu: "Mama, litaje basi."

"Sitaji jina sijaona uso! Nionyesheni kwa intaneti."

Jioni ile radi zikaanza. Kidude cha intaneti kilimetameta kabatini, nikakifunika sufuria kisiziite, kama tunavyofunika vioo. Nikasahau kabisa.

Kulipokucha, picha haziji. Nikampigia fundi aliyenifungia kidude, Nkwabi, nikafoka: "Wezi ninyi! Tangu biashara iachwe huria mnatuuzia taa za kumetameta tu!"

Akaja na matope hadi magotini. "Kidude kiko wapi, mayu, mama yangu?"

"Si hicho kabatini? Kipofu wewe?"

"Naona sufuria."

Akaiondoa. Simu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe. Miwani sikuwa nayo, Nkwabi akanisomea wa mwisho, sauti ikimpungua:

"Mama, tumekungoja tukachoka. Mtoto tumempa jina la mama mzazi wa Kabula."